Gauni la Beth, Jina la Nona

Katika kipindi cha mwisho cha The Queen's Gambit, tamthilia ya Netflix iliyotoka Oktoba 2020, mtangazaji anawaeleza wasikilizaji wake habari za msichana wa Kimarekani aliyefika Moscow kupambana na wababe wa Kisovieti. Mwaka ni 1968. Anasema ajabu ya huyu Beth Harmon ni uanamke wake tu, na hata hilo si geni sana nchini humo, maana yupo Nona Gaprindashvili. Ila Nona, anaongeza, ni bingwa wa wanawake na hajawahi kukabiliana na wanaume. Kamera inamwonyesha mama mmoja aliyekaa kati ya watazamaji. Sekunde chache, basi, hadithi inaendelea.

Beth Harmon hayupo duniani. Ni mtu wa kubuni, aliyetoka kichwani mwa Walter Tevis katika riwaya ya mwaka 1983. Nona yupo. Alizaliwa mwaka 1941 huko Zugdidi, Georgia (ile nchi ya milima ya Caucasus, si jimbo la Marekani), na siku tamthilia inatoka alikuwa bibi wa miaka 79. Kufikia mwaka 1968, kwa hesabu aliyoipeleka mwenyewe mahakamani, alikuwa ameshacheza na wanaume wasiopungua 59. Kati yao 28 aliwakabili kwa mpigo mmoja, akitoka ubao huu kwenda ule, huko Dorset, Uingereza, mwaka 1965.

Kwa sisi wasomaji wa riwaya kuna jambo linalouma zaidi: Tevis hakuandika hivyo. Katika kitabu chake Nona anatajwa pia. Inaelezwa kwamba hakuwa wa kiwango cha mashindano yale, lakini kwamba alikuwa ameshakutana na magrandmasta wote wale wa Kirusi mara nyingi. Yaani mtu alikaa na kitabu mbele yake, akaisoma sentensi, akaigeuza ikawa kinyume chake. Nona alidai mahakamani kwamba ilifanywa hivyo ili hadithi ipate msisimko: Beth aonekane wa kwanza, na wa kwanza hawezi kuwa na mtangulizi.

Niseme mapema nimesimama wapi. Mimi ni mpenzi wa tamthilia ile, na magauni yake nayapenda kuliko ninavyoweza kujitetea. Kwa hiyo hapa hutanisikia nikisema mavazi ni upuuzi uliovamia mchezo wa akili. Ninachotaka kukifuatilia ni swali jingine: kwa nini kila mwanamke akikaa mbele ya ubao wa sataranji, dunia huanza kusoma nguo zake, na mara nyingi huishia hapohapo bila kufika kwenye kete?

Tuanze na nguo zenyewe, maana zinastahili. Mbunifu wa mavazi ya tamthilia alikuwa Mjerumani Gabriele Binder, na mwaka 2021 alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Tazama alichokifanya. Beth anaanza akiwa yatima huko Kentucky. Shuleni wasichana wenzake wanamcheka kwa viatu na gauni alivyovaa. Akishinda pesa, anaingia dukani kununua nguo. Kadiri anavyopanda ngazi, miraba inaingia kwenye mavazi yake kimyakimya, midogo kwa mikubwa, kama vile ubao wenyewe umeanza kumvaa. Mwisho, akiwa ameshamaliza kazi Moscow, anatembea barabarani amevaa koti jeupe na kofia nyeupe, na hapo hata asiyejua kusogeza kete anaelewa: malkia mweupe ameshuka kwenye ubao na anatembea kwa miguu yake. Jumba la makumbusho la Brooklyn liliyaweka mavazi hayo katika maonyesho ya mtandaoni, bega kwa bega na yale ya The Crown.

Kazi ilizaa matunda. Netflix ilisema kaya milioni 62 ziliitazama ndani ya siku 28 za kwanza. Riwaya ikarudi kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times, miaka 37 baada ya kuchapishwa na zaidi ya miaka 30 baada ya mwandishi wake kuzikwa. Watu wakagombania seti za sataranji madukani. Wasichana ambao hawakuwahi kuona mwanamke akifikiri kwenye skrini kwa dakika tano bila kusema neno, wakaona. Na nani wa pwani yetu atashangaa kusikia kwamba nguo inasema? Watu ambao bibi zao hutuma ujumbe kwa jirani kwa kuvaa kanga yenye jina linalomhusu hawahitaji kufundishwa hilo.

Kwa hiyo gauni la Beth halina kosa. Tatizo ni la zamani kuliko yeye, na limo hata ndani ya kete.

Neno letu sataranji limetoka kwa Waarabu, shatranj, nao walilipata kwa Waajemi, nao Waajemi kutoka India, ambako mchezo uliitwa chaturanga. Katika mchezo huo wa kale, aliyekaa kando ya mfalme hakuwa mwanamke. Alikuwa waziri, tena waziri dhaifu, wa kusogea hatua moja ya mshazari. Mchezo ulipoingia Ulaya, waziri akageuka malkia, na kwa karne kadhaa malkia naye akaendelea na udhaifu uleule. Kisha, kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 15, huko Hispania na Italia, kanuni zikabadilika: malkia akaruhusiwa kwenda upande wowote, umbali wowote. Akawa kete yenye nguvu kuliko zote. Na unajua wanaume wa Italia na Ufaransa waliuitaje mchezo huo mpya? Waliuita sataranji ya wazimu. Wafaransa wakaweka wazi kabisa kwamba mwenye wazimu ni yule bibi. Kete ilipewa nguvu, na siku hiyohiyo ikapewa jina la kuchekwa. Desturi hiyo ikasubiri tu wanawake wa kweli waje.

Walikuja. Mwaka 1927 Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake jijini London. Wachezaji walikuwa 12. Aliyeshinda ni Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, baba Mcheki na mama Mwingereza, ambaye familia yake ilihamia Hastings baada ya mapinduzi ya Urusi. Katika michezo 11 alishinda 10 na kutoka sare mmoja. Taji hilo hakulivua tena hadi kifo.

Ukizitazama picha za Vera unamwona mwanamke mnene kidogo, nywele fupi za kawaida, gauni la heshima lisilokuita. Hakuwapa waandishi kitu cha kuandika kuhusu vazi. Basi wakatafuta kingine. Mwaka 1929 alialikwa Carlsbad, katika mashindano ya wachezaji 22 wa juu kabisa wa zama zile, ukimhesabu yeye. Mcheza sataranji mmoja wa Vienna, Albert Becker, akatania kwamba yeyote atakayefungwa na Vera Menchik aandikishwe uanachama wa klabu itakayoitwa kwa jina lake. Becker akakaa mezani na Vera. Becker akafungwa. Klabu ikapata mwanachama wake wa kwanza.

Kisa hiki husimuliwa kila mahali, na kila mara watu hucheka. Ni haki kucheka. Lakini kitazame tena: hata ushindi wa Vera umehifadhiwa katika umbo la aibu ya mwanamume. Tunakumbuka nani alifungwa naye. Alicheza vipi hatukumbuki. Na ukweli ni kwamba Carlsbad alimaliza wa mwisho. Katika miaka michache iliyofuata, huko Hastings, alimfunga mara mbili Max Euwe, Mholanzi ambaye mwaka 1935 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mtu anaweza kuwa wa mwisho Carlsbad na bado akamfunga bingwa wa kesho. Ndivyo wacheza sataranji wa kweli walivyo, wana siku mbaya na siku nzuri. Kwa mwanamke peke yake siku moja mbaya huwa ushahidi dhidi ya jinsia nzima.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kinyume chake kwa mwonekano. Sonja Graf, Mjerumani wa Munich, mwanafunzi wa grandmasta Siegbert Tarrasch, alikata nywele kama mwanamume, akavaa suruali na kuvuta sigara hadharani katika miaka ambayo mambo hayo yalikuwa kelele tupu. Alimchukia Hitler na hakuficha. Mwaka 1939, ubingwa wa wanawake ulipochezwa Buenos Aires, hakucheza chini ya bendera ya Ujerumani. Mahali pa jina la nchi yake paliandikwa Libre, yaani huru. Vita Kuu ya Pili ikalipuka mashindano yakiwa bado yanaendelea. Sonja alimaliza wa pili nyuma ya Vera, na hakurudi Ulaya ile. Alibaki Argentina, akaandika vitabu kwa Kihispania, kisha akahamia Marekani na kuwa bingwa wa wanawake huko.

Vera alirudi London. Usiku wa tarehe 26 au 27 Juni 1944 kombora la Wajerumani la aina ya V-1 liliangukia nyumba yao Clapham. Vera, mama yake na mdogo wake Olga, ambaye naye alikuwa mcheza sataranji, waliuawa pamoja. Alikuwa na miaka 38. Leo timu ya wanawake inayoshinda Olimpiadi ya Sataranji hupewa Kombe la Vera Menchik. Gauni lake la heshima halikumsaidia, na suruali ya Sonja haikumdhuru. Wote wawili walikuwa na jina zuri kwenye ubao na wote wawili watu hawawajui.

Sasa twende Marekani, kwa mtu anayekaribia kabisa kuwa Beth wa kweli. Lisa Lane wa Philadelphia alijifunza sataranji ukubwani, akiwa amepita ujana wa kawaida wa wachezaji, na mwaka 1959 akawa bingwa wa wanawake wa Marekani. Alikuwa mrembo, na dunia ya magazeti ililiona hilo kwanza. Agosti 1961 jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada. Hakuna mcheza sataranji aliyekuwa amewahi kuwekwa hapo. Bobby Fischer mwenyewe alisubiri hadi 1972.

Utasema: basi, si ndiyo heshima hiyo? Ndiyo, lakini ilikuja na bei. Kila alikokwenda Lisa alikuwa yule mrembo wa sataranji kabla hajawa mcheza sataranji. Fischer, alipohojiwa katika jarida la Harper's mwanzoni mwa 1962, alisema wanawake wote ni dhaifu na kwamba angeweza kumpa yeyote kati yao zawadi ya farasi mmoja na bado akashinda. Mwezi huohuo Lisa alijitoa kwenye mashindano ya Hastings akisema hawezi kutuliza akili kwa sababu yuko katika mapenzi, na magazeti yakashangilia kana kwamba yamepata ushahidi. Alifungua ukumbi wake wa sataranji New York, ukafa baada ya miaka michache. Kabla ya muongo kwisha alikuwa ameacha kucheza, akaenda kuendesha duka la vyakula asilia. Alifariki mwaka 2024.

Riwaya ya Tevis inalijua jambo hili vizuri. Jarida la Life linamhoji Beth, na makala yanapotoka anasikitika kwamba yamejaa usichana wake huku sataranji yenyewe imeguswaguswa tu. Tamthilia nayo ina tukio hilo. Kwa maneno mengine, hadithi iliyomlilia Beth kwa kutosomwa sawasawa ndiyo hiyohiyo iliyomsoma Nona vibaya.

Na nani hasa Nona? Wageorgia husimulia kwamba zamani, kati ya vitu alivyoondoka navyo bibi harusi kwenda kwa mumewe, palikuwa na ubao wa sataranji. Iwe desturi au fahari ya wasimuliaji, nchi ile ndogo iliwatoa mabingwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1962 Nona, akiwa na miaka 21, alimchapa bingwa wa Kisovieti Elizaveta Bykova kwa alama 9 kwa 2. Alishika taji kwa miaka 16, hadi alipolipoteza mwaka 1978 kwa binti mwingine wa Georgia, Maia Chiburdanidze, aliyekuwa na miaka 17. Wengi wangeishia hapo. Lakini mwaka mmoja kabla, 1977, Nona alikwenda Lone Pine, California, katika mashindano ya wazi yaliyojaa magrandmasta, na akamaliza akiwa mmoja wa wanne waliogawana nafasi ya kwanza. Wale watatu wengine walikuwa wanaume. Mwaka 1978 FIDE ikampa cheo cha grandmasta, kile cha wote, si kile cha wanawake. Alikuwa wa kwanza katika historia.

Huyo ndiye aliyesemwa hajawahi kukabiliana na wanaume.

Waliomfuata walikuta mlango nusu wazi na mtu amesimama nyuma yake akiusukuma. Mwalimu mmoja wa Hungary, László Polgár, aliamini vipaji hutengenezwa, akawalea binti zake watatu, Susan, Sofia na Judit, nyumbani, kwa sataranji. Mwaka 1986 FIDE iliamua kuwaongezea wanawake wote alama 100 katika kiwango chao cha kimataifa, isipokuwa mmoja: Susan. Sababu iliyotolewa ni kwamba yeye alama zake alizipata kwa kucheza na wanaume, kwa hiyo zilikuwa sahihi tayari. Akaamka siku moja si namba moja tena. Soma taratibu uone mantiki yake. Ukicheza na wanawake peke yao, unaonekana hujapimwa. Ukicheza na wanaume, wenzako wanapewa zawadi ya kukupita.

Mdogo wao Judit alichagua njia ya mkato: hakuwahi kugombea ubingwa wa dunia wa wanawake. Desemba 1991 akawa grandmasta akiwa na miaka 15 na miezi minne, akaivunja rekodi iliyokuwa ya Fischer, yule wa zawadi ya farasi. Alipanda hadi nafasi ya nane duniani, wanaume kwa wanawake. Na Septemba 2002, Moscow, katika mchezo wa muda mfupi, alimfunga Garry Kasparov, ambaye ujanani aliwahi kutamka kwamba sataranji haiwafai wanawake kwa sababu ni vita. Kasparov alikuja kukiri kwa maandishi kwamba akina Polgár walimthibitishia vingine. Huyohuyo Kasparov ndiye aliyekuwa mmoja wa washauri wa sataranji katika The Queen's Gambit. Michezo ya Beth kwenye skrini ni mizuri kwa sababu hiyo. Kwenye kete walikagua kila hatua. Kwenye jina la mwanamke hai, hawakuona haja.

Hadi hapa nguo imekuwa habari ya kutazamwa. Kuna mahali pengine ambapo imekuwa amri. Februari 2017 ubingwa wa dunia wa wanawake ulifanyika Tehran, na wachezaji wote walitakiwa kujifunika nywele. Bingwa wa Marekani wa wakati huo, Nazi Paikidze, aliyelelewa hukohuko Georgia kwa akina Nona, alikataa kwenda. Majuma hayohayo, Dorsa Derakhshani wa Iran alicheza Gibraltar bila hijabu na akafungiwa na shirikisho la nchi yake. Alikuja kuichezea Marekani. Desemba mwaka huo Anna Muzychuk wa Ukraine alikuwa bingwa wa dunia wa michezo ya haraka ya aina mbili, na mashindano ya kutetea mataji yalipangwa Riyadh. Hakwenda. Alisema hataki kuvaa anavyoamriwa wala kusindikizwa akitoka nje. Akayapoteza mataji yote mawili bila kusogeza kete. Desemba 2022, wakati maandamano yakiitikisa Iran, Sara Khadem alicheza Almaty, Kazakhstan, nywele zake zikiwa wazi. Hakurudi nyumbani. Mwaka uliofuata Hispania ikampa uraia.

Wasomaji wengi wa makala haya huvaa hijabu au wana mama na dada wanaoivaa, na hawahitaji nasaha kutoka kwangu. Wapo mabingwa wanaokaa mezani na mtandio wao kwa hiari na wanashinda. Mzozo unaanza pale mtu mwingine anapokaa na ufunguo wa kabati lako.

Linganisha na kisa cha wanaume. Desemba 2024, New York, Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa mabingwa, alifika kwenye mashindano ya dunia na suruali ya jinzi, kinyume cha kanuni za mavazi. Akatozwa faini ya dola 200, akaambiwa akabadilishe, akakataa, akaondoka. Ndani ya siku chache FIDE ikalegeza kanuni, naye akarudi kucheza sehemu iliyobaki. Jinzi ile ikauzwa mnadani mtandaoni kwa zaidi ya dola 36,000. Mwaka mmoja kabla, huko Samarkand, Mholanzi Anna-Maja Kazarian alitozwa euro 100 kwa sababu waamuzi waliona viatu vyake ni vya michezo. Alilipa, na kanuni zikabaki palepale. Sara Khadem kwa nywele zake alilipa nchi. Sataranji ni ileile moja, nguo ni nguo, ila bei hutegemea mwili uliomo ndani.

Mwisho niwapeleke karibu na nyumbani, Kampala, kwa sababu miaka minne kabla ya Beth palikuwa na filamu nyingine ya msichana na sataranji, na hii ilimhusu mtu wa kweli. Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe aliingia kwenye darasa la sataranji la Robert Katende akifuata kikombe cha uji. Mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia, na mwaka 2012 huko Istanbul akapata cheo cha FIDE. Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair, ilitoka 2016, Madina Nalwanga akiwa Phiona na Lupita Nyong'o akiwa mama yake, Harriet.

Humo pia nguo zinasema, na wanaozipenda za Beth wazitazame hizi. Siku ya kwanza watoto wenzake wanamwambia Phiona ananuka. Siku ya pili anarudi ameoga. Baadaye mama yake anauza kitambaa cha thamani alichoachiwa na marehemu mama yake ili apate pesa ya mafuta ya taa, binti asome usiku. Mbunifu wa mavazi, Mobolaji Dawodu, anamvisha Lupita vitambaa vya rangi kali, na kila kitambaa unakiona kama kitu chenye bei, kitu kinachoweza kuuzwa kesho. Miraba ya Beth inatuambia anachokiwaza. Kitambaa cha Harriet kinatuambia kiasi kilicholipwa ili mtu mwingine apate nafasi ya kuwaza. Na tofauti ya pili ni hii: mwishoni mwa filamu, waigizaji wanasimama bega kwa bega na wenyewe wanaowaigiza, Lupita na Harriet wa kweli, Madina na Phiona wa kweli. Filamu inainua mkono na kuonyesha: deni letu liko kwa huyu hapa.

Tamthilia ya Netflix haikuinua mkono. Septemba 2021 Nona, sasa miaka 80, aliishtaki mahakamani California akidai dola milioni 5. Netflix ilijitetea kwamba ile ni kazi ya kubuni. Januari 2022 jaji alikataa kuitupa kesi, akisema kuwa hadithi ya kubuni haikupi kinga ya kumsingizia mtu halisi. Septemba mwaka huo pande mbili zikapatana nje ya mahakama, na masharti yakabaki siri yao.

Nimewasikia wanaosema bibi yule alikuza jambo dogo. Sentensi moja tu, jamani! Lakini hebu hesabu. Riwaya imesomwa na watu kwa miaka 37 ikiwa na sentensi ya haki. Tamthilia iliingia katika kaya milioni 62 kwa mwezi mmoja ikiwa na sentensi ya uongo. Kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina Gaprindashvili, na ndiyo ya mwisho. Vera alipata kombe lenye jina lake, Lisa jalada, Sonja vitabu vyake mwenyewe. Nona angebaki na nini huko? Sekunde chache za mama aliyekaa kwenye kiti akimtazama msichana wa kubuni akipigiwa makofi kwa mambo aliyoyafanya yeye.

Kwa hiyo endeleeni kuyapenda magauni, kama ninavyoyapenda. Shoneni miraba. Nunueni kofia nyeupe. Kisha, jioni moja, tafuteni mchezo wa Nona dhidi ya Rudolf Servaty, Dortmund, Ujerumani, mwaka 1974. Umehifadhiwa mtandaoni na yeyote anaweza kuusogeza hatua kwa hatua. Ni hatua 17 tu. Mwishoni Nona anamtoa malkia wake sadaka, na mpinzani anasalimu amri. Alivaa nini siku hiyo, mimi sijali. Aliyekaa upande wa pili wa ubao alikuwa mwanamume.